Glavu Isiyo na Mwenzake

Juzi simu iliniletea video ya besiboli, yale mambo ya "siku kama ya leo". Jamaa karuka ukutani, kadaka mpira uliokuwa unatoka uwanjani, watu wakapagawa. Mimi niliona mkono wake tu. Alivaa glavu moja. Moja!

Nikakumbuka mchana mmoja, miaka mingi nyuma: kwenye meza yetu ya sokoni Mchikichini, Mama alifungua belo la mitumba, ikatoka glavu kubwa ya ngozi, inanuka dawa na jasho la mtu wa mbali. Kwenye belo kiatu hutengana na mwenzake, kwa hiyo akaniamuru nitafute ya pili. Nilipekua hadi vumbi likanijaa puani, nikiwaza huko Ulaya kuna jitu lenye vidole kama ndizi.

Akaja kijana mmoja, akaishika glavu akitabasamu.

"Shikamoo, mama. Nachukua hii."

"Marahaba. Subiri, binti yangu anatafuta mwenzake."

"Moja inatosha, mama. Ndivyo inavyovaliwa."

"Kwani una mkono mmoja?"

Kijana alieleza wee, akachoka, akaenda zake. Mimi nikarudishwa kwenye belo mpaka watu wanafunga meza.

Jana nilimpelekea Mama ile video nyumbani Magomeni, ambako glavu bado inaning'inia kwenye msumari. "Umeona, Mama? Inavaliwa moja tu! Miaka yote hii!"

Akavaa miwani, akatazama weee, akanirudishia simu.

"Kumbe huyu ndiye aliyebaki na ya pili."