Kamba za Mguu wa Mama

Siku mbili baada ya mama kuanguka na bodaboda, tulikuwa Kasulu tukisubiri gari la kutupeleka uwanja wa ndege, Kigoma. Kaka yangu alikuwa amemtafutia kitanda hospitalini Dar es Salaam. Mguu wa mama uliovunjika ulikuwa umebanwa kwa vijiti na kamba za magome, kazi ya mzee mmoja wa Busunzu anayeunga mifupa.

Nesi aliyeandika barua ya safari aliniita pembeni.

"Hizo kamba zilegezwe kabla hajapanda ndege. Angani miguu huvimba. Mguu uliovunjika juzi ukivimba ndani ya kamba ngumu, damu haipiti. Mimi amenikatalia, jaribu wewe."

Shahada yangu ni ya biashara. Hata hivyo akilini nilishamwona mama akishuka Dar na mguu mweusi, madaktari wakiukata, mimi nikiulizwa na ukoo mzima nilikuwa nafanya nini. Nikaangalia vidole vyake. Vilikuwa vimevimba. Au vilikuwa hivyo tangu asubuhi? Nikavilinganisha na vya mguu mzima, nikazidi kuchanganyikiwa.

Nilipomweleza, alivuta kitenge akaufunika mguu.

"Aliyefunga ndiye hufungua. Ukigusa wewe, mfupa utakataa kuunga. Chuo hawakukufundisha hilo?"

Gari likafika, dereva akapiga honi. Kurudi Busunzu kungetukosesha ndege. Nikampigia mzee mara nne, hapatikani. Mara ya tano akapokea akiwa shambani. Nikajieleza kama mwizi aliyekamatwa. Nilijua nimemuudhi.

"Msomi," akasema, "niweke karibu na mguu."

Nikawasha spika, nikaishusha simu gotini kwa mama. Akauambia mguu kwa Kiha, taratibu, kwamba leo mkono wa mtoto huyu ni mkono wake. Kisha akapaza sauti: "Mama, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi alegeze. Vijiti asiguse. Aanze kamba ya chini, kidole kimoja kipite."

Fundo la kwanza liligoma, nikatumia meno. Mama akapiga yowe. Nikaacha.

"Endelea!" akanifokea mwenyewe. "Au unasubiri matokeo ya mtihani yatoke?"

Kamba ya tatu ilipolegea alishusha pumzi. Nikabonyeza ukucha wa kidole gumba: ukawa mweupe, kisha damu ikarudi. Nikabonyeza tena. Na tena.

"Mwanangu, niinue twende," mama akasema. "Ndege haitakungoja umalize kuogopa."