Siku Nilipompakia Baba Mkwe Kwenye Magurudumu ya Mashindano

Kuna watu kule Usagara ambao mpaka leo wakiniona napita huniuliza kama nimekuja na spoku zote, nami hucheka nao, maana nikinuna nitakuwa nimewathibitishia kwamba bado inaniuma (inaniuma). Nimeona afadhali aibu hii niisimulie mwenyewe, kwa sababu nimewasikia wengine wakiisimulia na wanaongeza chumvi, na yenyewe ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mimi ni fundi baiskeli. Nalisema hilo mapema ili mjue kwamba yaliyonipata hayakumpata mtu asiyejua. Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika mjini, nilikuwa na kibanda changu Nyamagana, si mbali na stendi ya mabasi, na kazi niliyojivunia hasa ilikuwa kusuka magurudumu. Watu wengi hudhani gurudumu linatoka dukani likiwa gurudumu tayari, kumbe ringi huja peke yake, habu ya katikati peke yake, spoku zimefungwa mafungu kama kuni, na mtu kama mimi anakaa kwenye kigoda anazisuka, anabana huku, analegeza kule, anazungusha, anachungulia, mpaka ringi inyooke na kila spoku ukiigusa kwa kidole ilie sauti moja na wenzake. Mafundi wengine walitumia macho. Mimi nilizipiga kama zeze na kwa sikio tu nikajua ipi imelegea. (Mnaona nimeshaanza kujisifu. Ndivyo nilivyokuwa, tena siku hizo nilikuwa zaidi.)

Sasa rafiki yangu Jumanne, aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Makoroboi, siku moja akaniletea ringi mbili za baiskeli ya mashindano alizozipata kwenye mzigo uliotoka Ulaya. Zilikuwa za aluminiamu, nyembamba, zinang'aa kama sahani ya harusi, ukizinyanyua unadhani umenyanyua hewa. Na bahati ilivyokuwa (niliiita bahati), kulikuwa na mfanyabiashara anafungua duka jipya na ametangaza mashindano ya baiskeli ya Jumapili. Nikasema hizi ni zangu. Nikazisuka kwa wiki nzima kila nikipata nafasi, nikatumia karibu nusu ya spoku za kawaida, maana spoku zikipungua gurudumu linakuwa jepesi na linakata upepo. Kwa mtu mmoja mwembamba kama mimi, kwenye lami, magurudumu yale yalitosha kabisa, na nilijua vilevile kwamba hayakutosha kwa kitu kingine chochote duniani.

Tatizo ni kwamba Jumamosi, siku moja kabla ya mashindano, nilikuwa natakiwa Usagara kwa Mzee Luhende, baba yake Kabula. Kabula alikuwa akishona nguo jirani na kibanda changu, tulikuwa tumekubaliana, na ilibaki wazee wanione. Jumanne ndiye alikuwa mshenga wangu. Ijumaa jioni, tunafunga vibanda, Kabula akaniambia, "Baba hapendi mtu wa maneno mengi. Ukifika salimia, kaa, jibu unachoulizwa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Asubuhi ile magurudumu yangu ya chuma, yale ya kila siku, yalikuwa yananing'inia kwenye msumari kibandani, na kubadilisha ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Nikayaangalia. Nikaziangalia na zile ringi zinavyong'aa kwenye baiskeli yangu kuukuu yenye karia nyuma, nikajiona naingia uani kwa watu nimekaa juu ya kitu kama kile, nikayaacha ya chuma pale pale msumarini. Basi. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, na niliufanya nikiwa sijala wala kunywa chochote cha kunipotosha.

Tulipokuwa njiani Jumanne, aliyekuwa na baiskeli yake nzito ya kubebea mizigo, akanisogelea.

"Breki zako haziifikii ringi," akasema.

Alikuwa sahihi, ringi zile zilikuwa ndogo kidogo kuliko za kwetu na breki za vyuma zilikuwa zinabana hewa. Nikamjibu kwamba mguu upo. Tena kuna jambo moja kila fundi analijua: gurudumu jipya likishatembea mwendo wa kwanza, spoku hujikalisha na kulegea, na lazima ulirudie kulibana kabla hujaliamini. Kibanio changu cha spoku nilikuwa nacho mfukoni. Lakini nilikuwa nimepiga pasi suruali, na nilipofika njiapanda ya Usagara nikafikiria kuchuchumaa vumbini, nikasema nitabana nikirudi.

Tukapokewa vizuri. Mzee Luhende alikuwa mtu wa ng'ombe, mkubwa wa mwili, wa wale waliokua kwa maziwa na bado wanayanywa. Nikamsalimia, shikamoo, marahaba, tukapewa viti. Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Badala yake nilizungumza habari za Ulaya, za aluminiamu, za upepo unavyokatwa, na Jumanne akawa ananikanyaga mguu mpaka nikauhamisha. Mzee akasimama, akaenda kwenye baiskeli, akainyanyua kwa mkono mmoja.

"Nyepesi," akasema.

"Nyepesi, baba, lakini ni imara kuliko chuma."

Akainama, akaangalia gurudumu la nyuma. "Spoku ni chache."

"Ndiyo utaalamu wa siku hizi, baba."

"Inabeba?"

Ningeweza kusema ni ya mashindano. Ningeweza kusema inabeba mtu mmoja. Nikasema, "Inabeba."

"Basi nipeleke mnadani," akasema, akaingia ndani kuchukua fimbo yake na kamba ya kufungia ndama.

Jumanne, Mungu ambariki, alijaribu. Mzee alipotoka akamwambia, "Baba, panda ya kwangu, ina karia pana." Mzee akamjibu kwa upole kabisa, "Mkwe amesema yake inabeba." Nilikuwa nimetamani kuitwa mkwe na mtu yule kwa muda mrefu, na siku nilipoitwa nilitamani niwe mpita njia.

Akapanda. Niliisikia baiskeli ikishuka chini yangu kama ng'ombe anayepiga magoti. Tukaondoka, mimi napiga pedali polepole nikiomba njia iwe laini (haikuwa laini), Jumanne akija nyuma yetu, na hata hatujafika mbali nikasikia *ting*.

"Nini hicho?" mzee akauliza.

"Jiwe, baba."

Tukaenda kidogo. *Ting*.

"Jiwe tena?"

"Njia hii ina mawe."

"Nimeishi hapa tangu nizaliwe," akasema.

Sikio langu lile nililojisifia sasa lilikuwa linafanya kazi ambayo sikuitaka, maana kila spoku iliyokatika nilijua ilikuwa ya upande gani, na zilizobaki nilizisikia zikibadilisha sauti kwa kubeba mzigo wa wenzake. Nyuma Jumanne alianza kukohoa kwa namna ya mtu asiyeumwa kifua. Bado ningeweza kusimama. Lakini kusimama kulikuwa na maana ya kumshusha mzee, kuchuchumaa na kumwonyesha, na mimi nikajiambia mnada ule pale, tumeshafika, mteremko tu umebaki.

Mteremko. Na breki sina.

Nikaweka mguu chini. Kiatu, ambacho Jumanne mwenyewe aliniuzia na kuniapia, kikaachia soli mara moja na soli ikabaki nyuma. Nikaweka mguu wa pili. Baiskeli ilikuwa imeshashika mwendo wake, gurudumu la nyuma linacheza kushoto na kulia kama mcheza ngoma, watu wa mnadani wakaanza kugeuka, nikamsikia mzee akisema "Polepole" kwa sauti ya mtu anayezungumza na ndama, kisha gurudumu likapiga nane, yaani likajikunja kama namba nane, likakwama kwenye fremu, na baiskeli ikasimama. Sisi hatukusimama.

Mimi niliangukia mavumbini, hilo si kitu. Mzee Luhende alikaa. Alikaa wima kabisa, fimbo mkononi, katikati ya gunia ambalo juu yake mama mmoja alikuwa ametandaza dagaa wake wa kuuza. Mnada mzima ulinyamaza, nadhani hata ng'ombe. Yule mama akamtazama mzee, akatazama dagaa, akatafuta cha kusema, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri akasema, "Shikamoo, Mzee Luhende."

"Marahaba," mzee akajibu, pale pale alipokaa.

Jumanne ndiye aliyemwinua. Mimi sikuthubutu kumgusa. Akajikung'uta dagaa kwenye koti, akamwambia yule mama kwamba gunia lote amelinunua yeye, kisha akaja kulitazama gurudumu.

"Ulizipunguza wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Ulijua hazitabeba?"

Watu walikuwa wamekwisha kutuzunguka. Nikasema, "Nilijua."

"Na ukasema inabeba."

Hakupandisha sauti. Aligeuka akaenda kuangalia ndama, kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta. Mimi nikaibeba baiskeli begani nikapita katikati ya mnada na kiatu kimoja chenye soli, na hapo ndipo nilipoufaidi wepesi wa ringi zile kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mashindano ya kesho yake niliyasikia tu, makelele ya watu yakija mpaka kibandani.

Kabula hakuja kazini Jumatatu. Nilishona tairi la mtu nikalishona vibaya, nikalirudia. Nilikuwa nimeshaanza kujizoesha kuishi bila yeye, na niwaambie kweli, sikuwa nafaulu. Alipokuja siku iliyofuata alivuta kigoda akakaa.

"Baba hajali kuanguka," akasema. "Ng'ombe wamemwangusha mara nyingi. Anasema mtu anayepunguza spoku akasema zimetosha, kesho atapunguza unga akasema umetosha."

Nikaliweka chini tairi nililokuwa nashona.

"Anakutaka mnada ujao," akaendelea. "Uje na baiskeli."

Wiki ile nilisuka gurudumu la nyuma kana kwamba litabeba kanisa. Ringi ya chuma, spoku nene, kila tundu lina spoku yake. Nilipolimaliza nikapakia gunia la mahindi, nikazunguka nalo mjini, nikarudi nikabana upya spoku zilizolegea, nikazunguka tena, nikabana tena, mpaka wenzangu wa vibanda vya jirani wakaniuliza kama nimeanza biashara ya nafaka. Breki nilizifunga mpya.

Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilimkuta mzee amesimama uani, koti limefuliwa. Nikamwamkia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka, baba," akaitikia, akapanda karia bila kuuliza chochote. Tulipofika juu ya mteremko nikashuka nianze kuikokota.

"Mbona umeshuka?"

"Mteremko, baba."

"Breki unazo?"

"Ninazo. Lakini gurudumu la nyuma tu ndilo jipya, la mbele ni lile la chuma la zamani, na sijalijaribu kwenye mteremko nikiwa na mtu mzito."

Nikafikiri sasa nimemwita mnene na yamekwisha.

"Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayataka," akasema. "Twende."

Nikapanda. Akanishika kiunoni kwa mikono yote miwili, jambo ambalo mara ya kwanza hakulifanya, tukateremka tukifinya breki hatua kwa hatua mpaka katikati ya mnada, na alipokuwa anashuka akaniambia taratibu, "Waliniona naanguka. Nilitaka wanione nafika." Mwezi uliofuata wazee wakakaa, na Kabula ndiye huyu mnayemwona hapa akitikisa kichwa.

Tangu hapo mtu akija kibandani anataka magurudumu, hata awe kijana aliyevaa kaptura ya kubana na miwani ya mashindano, sigusi ringi kabla sijamuuliza ni nani atakaa nyuma. Wengine huudhika. "Fundi, mimi nimekuja kutafuta mwendo, wewe unanipeleka kwenye habari za abiria." Namwambia mwendo ataupata, lakini kwanza aniambie mchumba wake anatoka wapi.