Saini ya Marehemu

Dakta Hatcher alipokufa, Verlene Stiltner alioka viazi na jibini, akabandika jina lake chini ya bakuli ili lirudi, akaenda msibani kama watu wote wa milima ile ya makaa ya mawe. Hukohuko jikoni, mwenye duka la dawa akamvuta pembeni.

"Pole, dada. Ila kuanzia leo siwezi kupokea karatasi yako ya dawa. Watatufungia sote wawili."

Verlene alikuwa nesi aliyesomea kutibu na kuandika dawa, na bonde zima halikuwa na mwingine. Lakini sheria ya jimbo lao ilitaka awe chini ya daktari. Basi kila mwezi alimlipa Hatcher kwa saini yake tu, aliyekaa mjini ng'ambo ya mlima na hakuwahi kumgusa mgonjwa hata mmoja wa bondeni. Bima ya wazee nayo ilimlipa Verlene pungufu ya daktari kwa kazi ileile. Utadhani homa ya mgonjwa wa nesi ni ya bei nafuu! Sasa mwenye saini kafa, na zahanati ya Verlene imekufa naye.

Alipiga simu hadi sauti ikamkauka. Daktari mmoja alikubali, kwa malipo mara mbili ya marehemu. Bodi ya wauguzi ya jimbo ikamwambia asubiri kibali.

Akiwa anasubiri, akaja Mzee Delmer, mchimba makaa mstaafu mwenye moyo mbovu, viatu mkononi. Miguu ilivimba, haiingii.

"Niongezee kile kidonge cha kutoa maji, mwanangu."

"Siruhusiwi, Mzee. Twende hospitali ya mjini, nakupeleka mwenyewe."

"Mjini? Si ndio haohao walioniambia mapafu yangu mazima, nayo yamejaa vumbi la makaa? Thubutu! Bora nifie nyumbani, kwa mke wangu Oma." Akacheka, kikohozi kikamkatiza. "Kwani Hatcher alinipima lini? Awe juu ya ardhi, awe chini, kwangu ni mamoja."

Verlene alishika kalamu. Angeweza kuandika tarehe ya nyuma, ya siku Hatcher angali hai. Lakini wangejua tu, angefungiwa maisha, na bonde lingebaki bila mtu. Akaiweka chini. Aliogopa, na akajikasirikia kwa kuogopa. Akaita gari la wagonjwa. Mzee akalifukuza kwa matusi.

Wiki hiyo mjane wa Hatcher alirudisha bakuli, safi, jina bado liko chini. Jumamosi Verlene akaoka viazi tena, akampelekea Oma, naye sasa mjane.

Oma alilipokea mlangoni, macho mekundu. "Alisema atakungoja wewe tu."

Kibali kilikuwa kimefika asubuhi ile, kimesainiwa na daktari asiyejua hata bonde liko wapi.

"Wanasema umefunguliwa," Oma akasema. "Basi niandikie mimi, ya usingizi. Kitanda kimekuwa kikubwa."

Verlene akakaa kwenye kiti cha Delmer, akatoa kalamu, akaandika.