Saini ya Mwisho ya Dada

"Dada, mimi ni maiti. Hapa unaongea na maiti aliyevaa buti. Tangu nizaliwe hujanisaidia hata siku moja."

Maiti huyo alikuwa fundi bomba, mdogo wake wa mwisho, mwenye mashavu ya mtu aliyelala vizuri. Alisimama mlangoni mwa chumba cha kufulia cha hospitali, fomu mkononi. Dada yake, ambaye hospitali nzima inamwita Mama Saini, hakuinua kichwa. Alikuwa akilisha mashuka kwenye pasi kubwa ya mvuke, na pasi ile ukizubaa kidogo tu inakula vidole.

"Ada yako ya ufundi alilipa nani, maiti?"

"Hayo ya zamani."

"Na mkopo ulio nao sasa, mdhamini wako nani?"

"Huohuo ndio nataka kuujazia, dada. Umebaki miezi miwili. Nasaini upya, nawe unasaini chini yangu, chama kinaniongeza. Kuna mtu anauza mashine ya kuzibua mitaro, bei ya kutupa. Miaka mitatu tu nimemaliza."

Miaka mitatu tu. Mama Saini alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi.

Turudi nyuma kidogo, msije mkamwona mama wa watu mchoyo. Miaka thelathini na moja iliyopita, madobi wa hospitali hii walikuwa mali ya bwana mmoja aliyeweka kiti chake getini. Ukikopa kumi unarudisha kumi na tano, na kitabu chako cha benki kinalala mfukoni mwake. Siku moja madobi kumi na wawili wakachoka. Wakachukua pipa la sabuni, wakalitia kufuli tatu, na funguo wakawapa watu watatu wasiosalimiana, ili wasije wakapatana kuiba. Kila mwezi kila mtu anatia chake, anayebanwa anakopa kwa riba ya kuchekesha. Mwaka uliofuata yule bwana akahama na kiti chake.

Swali likabaki: mtu akikopa akatoroka je? Hakuna aliyekuwa na shamba wala gari la kuweka rehani. Ndipo binti mmoja mwembamba, mgeni kazini, akanyoosha mkono. "Tuwekane rehani wenyewe," akasema. "Mwenzake mmoja asaini, na akiba ya huyo aliyesaini isitoke mpaka mkopo uishe." Wakampigia makofi mpaka akaona haya. Binti huyo ndiye huyu. Kanuni ilitoka mdomoni mwake mwenyewe, na mpaka leo ipo ukurasa wa kwanza wa katiba ya chama, ambacho sasa kina ofisi, kompyuta na feni isiyozunguka.

Basi wakaanza kumjia. Akamsainia mpishi, akasomesha wanawe. Akamsainia mlinzi, akajenga. Akamsainia dereva wa gari la wagonjwa, akaoa, akamsainia tena alipooa tena. Kila mkopo ukikaribia kuisha, mwenyewe anaujazia. Akiba yake ikawa kama mgonjwa aliyetelekezwa wodini: analishwa, ananenepa, ila haruhusiwi kutoka.

Mwaka jana ndipo akaanza kujichomoa. Ana vyumba viwili vyenye kuta tupu, vimebaki mabati. Kiinua mgongo cha dobi kinatosha kununua kiti cha kukalia ukikisubiri. Na mwenye nyumba anamopanga keshamwambia: miezi mitatu, chumba ninakitaka. Akawafuata mpishi, mlinzi na dereva, akawaomba watafute mdhamini mwingine. Wakanuna, wakatafuta. Amebaki mmoja, maiti.

Katibu wa chama, binti mwenye faili kubwa kuliko kifua chake, akachungulia. "Shikamoo, mama. Fomu za mwezi huu nafunga saa nne. Ya mdogo wako inakuja au haiji?"

"Asiposaini inakuwaje?" fundi akadakia.

"Mkopo wako unaisha, akiba yake tunaiachia, anaezeka nyumba. Wewe utatafuta mwingine."

"Nani atanisainia mimi? Humu niliingia kwa mgongo wake."

"Si ushuke sasa, umeshazeeka," katibu akasema.

Fundi hakucheka. Akasogea karibu na dada yake, sauti ikashuka. "Nina watoto wanne, dada. Mashine yenyewe wiki ijayo inachukuliwa. Kanuni uliitunga wewe kwa ajili ya watu kama sisi, wasio na kitu. Leo unaniambia ilikuwa ya kina nani?"

Akaitandaza fomu juu ya shuka lililokuwa bado moto, kalamu juu yake. Jina la dada alikuwa ameshalijaza mwenyewe, kwa herufi kubwa. Ilikosekana saini tu.

"Mama," katibu akasema taratibu, "unasaini, husaini?"

Mama Saini akazima pasi. Akaondoa fomu na kalamu, akaviweka kando bila kusaini, shuka lisije likapata wino. Akalikunja mara mbili, mara nne, akalilaza juu ya mengine kwenye toroli. Kisha akalisukuma toroli katikati yao, wakampisha, akashika njia ya wodini huku gurudumu moja likilia korido nzima.