Marahaba Isiyo Yangu

Macho yangu yalianza kufa pembeni. Mahindi yaliyo mbele yangu niliyaona vizuri, lakini ng'ombe aliyesimama kulia kwangu sikumwona mpaka nimgonge. Daktari wa macho niliyemfuata Katesh alisema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Akageuka na kumwelekeza mke wangu namna ya kunidondoshea. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, na mikono yangu ni mizima.

Jumapili moja, nje ya kanisa letu huku Gehandu, nilisikia kijana akisema, "Shikamoo."

"Marahaba," nikaitikia.

Kumbe alikuwa akimwamkia mzee aliyesimama ubavuni kwangu, mtu wa rika la baba yangu, na mimi sikuwa nimemwamkia. Vijana wakacheka. Mzee akasema kwa upole, "Siku hizi na wewe umekua." Ule upole uliniuma kuliko tusi. Nilitaka kumweleza kwamba sikumwona, lakini vijana walikuwa bado wanacheka.

Jumapili iliyofuata nilisema mgongo unauma. Iliyofuata, kichwa. Baadaye sikutafuta tena sababu. Nililala mpaka jua limepanda, ugali ukapoa mbele yangu. Mke wangu alinikataza kukamua ng'ombe, akisema nitapigwa teke. Jirani akija, anamuuliza yeye, "Mzee anaendeleaje?" Binti yetu akipiga simu kutoka Babati, anamuuliza mama yake kama baba anakula. Nikifoka, wanasema ni uzee. Nikinyamaza, wanasema afadhali leo ametulia.

Tuliporudi Katesh kuchukua matone, tulimkuta muuguzi mgeni, lafudhi yake si ya huku kwetu. Alisogeza kiti mbele yangu.

"Shikamoo baba. Mimi ni muuguzi. Usingizi unapata?"

Mke wangu akaanza kujibu. Muuguzi akamwomba asubiri kidogo.

"Nimekuja kwa ajili ya macho," nikasema.

"Najua, baba. Kuna kitu bado kinakufurahisha?"

Nilikasirika. Nilitaka kuondoka, ila mlango sikuuona uko wapi. Nikabaki.

"Hakuna," nikasema mwishowe. "Sioni hata sababu ya kuamka."

Akasema wengi wanaopoteza uwezo wa kuona huingiwa na huzuni ya namna hiyo, kwamba nayo ni ugonjwa na unatibiwa. Akanipangia siku ya kuja kuzungumza na daktari wa afya ya akili.

Tukaanza safari ya kurudi. Njiani mke wangu akauliza, "Mbona mimi hukuniambia?"

"Ungeniuliza lini? Kila anayeniuliza, unajibu wewe."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

Tulibishana mpaka nyumbani. Alilia. Ni kweli alikuwa amechoka, na ni kweli nilikuwa nimechoka.

Asubuhi nilichukua ndoo nikaenda zizini. Alinifuata, akasimama mlangoni bila kunizuia. Nilimpapasa ng'ombe ubavuni mpaka nikafika kwenye kiwele. Maziwa mengine yaliniingia kwenye viatu. Nilitukana, nikaendelea.

Kwa daktari nimekwenda, na nitakwenda tena. Zipo siku bado sitaki kutoka kitandani. Kanisani sijarudi. Matone ninajidondoshea mwenyewe, mengine yanaishia shavuni.