Makaburi ya Kwenu Yako Wapi?

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mtu akizungumza sheria mbele yangu namsikiliza kama mvua juu ya bati: najua ni neema, maneno siyapati. Ndivyo ilivyokuwa siku tuliyokwenda Lusu kumposea mwanangu, mimi, yeye na mshenga. Mshenga huyo chakula kikichelewa hununa kama mtoto, lakini hilo tuliache.

Tulikuta wazee, na baba mdogo wa binti, mwanasheria kutoka Dar. Wakati tunasubiri, akatueleza kwamba zamani mataifa yaliketi yakaunda mahakama za kukamata meli za watumwa.

"Hapo ndipo dunia ilipoanza kukiri kuna uovu unaomkosea kila binadamu," alisema, na machozi yakamlenga.

"Na waliopelekwa kwa miguu, mheshimiwa?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, zile zilihukumu meli. Hata nahodha mara nyingi alikwenda zake."

Basi nikaona huyu ni mtu wangu. Baba wa binti alipouliza lile swali la posa, makaburi ya kwenu yako wapi, sikupepesa macho. Nikasema bibi yake baba yangu aliletwa kwa mnyororo kutoka Manyema, huko Kongo, akauzwa Tabora. Bahari hakuiona, wala hakimu. Makaburi yetu yanaanza na lake, pale Mtendeni. Nyuma yake hatuna.

Wakasemezana Kinyamwezi, kana kwamba mimi nimezaliwa Uturuki. Kuku aliyefungwa miguu mlangoni akafunguliwa, akakimbilia mihogoni.

"Umetulaza njaa, bwana," mshenga akaninong'oneza.

Mwanasheria akatusindikiza. "Usinichukie, mzee. Haya ni mambo ya kimila, mimi ni mdogo kwao."

"Kwa mataifa ulikuwa mkubwa," nikamwambia. Akatoa simu, akaitazama.

Kwenye basi mwanangu hakunitazama. "Baba, ungesema tu sisi watu wa Kigoma, ungekufa?"

Nilimjibu kwa matusi, na sikumpoza.

Posa ya pili, kwa binti mwingine, ilikuwa Sikonge, mwanangu akaniacha nyumbani. Alimchukua jirani yetu muuza mkaa, Msukuma mwenye makaburi ya kutosha, ndiye akaketi mahali pangu, akaitwa baba. Wakakubaliwa siku ile ile.

Sasa mwanangu na mkewe wana mtoto wa kiume. Wakwe walitaka aitwe jina la babu yake mzaa baba, yule waliyemwona. Wamempa la muuza mkaa.