Kabati la Mninga na Mkwe Nyuma ya Ukuta

Mkwe wangu ni fundi seremala, na simpendi. Nalisema mwanzoni kabisa ili msije mkanilaumu katikati. Ana karakana mjini, mtaa wa Isevya, anatengeneza makabati ya jikoni, vitanda, milango ya kuchonga maua, na watu wa mjini wanamsifu. Mimi nakaa Kigwa, karibu na reli, na shule niliachia darasa la tatu. Mkiona neno limekaa upande, liacheni likae.

Binti yangu alirudi kwangu kiangazi, amejitwika sanduku la vyombo vyake. Sababu ni sisimizi. Miaka yote ya ndoa alikuwa akimwomba mumewe kabati la jikoni. Bwana anawatengenezea watu wa mji mzima, mkewe sukari anaiweka kwenye ndoo sakafuni. Basi siku moja wakaja wateja nyumbani kuagiza makabati, wakapewa chai. Kufungua sukari, sisimizi wamejaa. Mume akacheka, akawaambia wale wageni, "Mtuwie radhi, mke wangu ni mchafu."

Mchafu! Mtoto niliyemlea mimi, anayesugua sufuria kwa majivu mpaka ukiinama unaona meno yako.

Nikamwambia, "Hapa utakaa." Nilitaka akae, sifichi. Ukiwa peke yako unapika ugali wa kiganja kimoja, na ugali mdogo haupikiki, unaungua kabla haujaiva. Lakini yeye hakusema atakaa wala hakusema atarudi. Sanduku la vyombo akalisukuma chini ya kitanda, limefungwa kamba vile vile. Mtu anayekaa hufungua sanduku lake. Nikaona nikimjengea kabati, nitajua moja.

Mbao nilikuwa nazo darini, mninga mtupu, marehemu mume wangu aliupasua enzi ambazo mninga ulikuwa bado karibu. Nilizitunza ziwe jeneza langu. Nikasema wanizike na mkeka, mbao kwanza zifanye kazi ya walio hai. Jirani akaniona nazishusha, akasema nimechanganyikiwa. Jirani huyo huyo ndiye anayewapeleka wageni nyuma ya shamba langu kuwaonyesha njia ya zamani ya misafara. Wanapiga picha nyasi. Hakuna kitu pale, ni nyasi na mavi ya mbuzi, na wananikanyagia karanga. Halafu mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

Tukaanza kazi. Binti ana simu, akatafuta video za watu wa nchi za mbali wanaojijengea makabati. Watu wale wanaudhi. Wana mashine ya kila kitu, mbao zao laini kama mkate, na wanachekacheka. Sisi tulikuwa na msumeno wa marehemu, nyundo, na randa iliyoota kutu. Mninga hauchekewi. Mikono ilitutoka malengelenge, lakini kabati la chini likasimama, miguu yake tukaiweka kwenye makopo yenye mafuta ya taa. Sisimizi apande sasa, nimwone.

Limebaki la juu, la kutundika ukutani. Ndipo Jumapili mkwe akaja.

Kwetu mkwe wa kiume haingii jikoni kwa mama mkwe. Wala hatutazamani machoni, wala hatupigi soga. Akaamkia uani, "Shikamoo mama," nikaitikia "Marahaba" nikiwa ndani, basi. Akakaa kwenye kigoda nje ya dirisha. Sisi ndani tunagonga misumari kuliweka kabati ukutani, simu tumeiegemeza dirishani na video inaendelea.

"Mwambie mama," akamwambia mkewe kupitia dirishani, "misumari haitashika hapo."

"Mama, anasema misumari haitashika."

"Nimesikia, sijawa kiziwi. Mwambie hapa si Isevya."

"Anasema hapa si Isevya."

"Mwambie hayo ni matofali mabichi. Ni udongo. Kwenye video zile kuta zina mbao ndani."

"Anasema..."

"Mwambie matofali haya alifyatua baba yako, na yeye wakati huo alikuwa anajikojolea!"

Binti hakulipeleka hilo. Halikuwa na haja ya kupelekwa.

Tukaachia kabati. Likakaa kama linafikiri, kisha likashuka na misumari yake na udongo wa kapu zima, likakatika mlango mmoja. Vumbi lilipotulia nikasikia kule nje mtu anakohoa. Kile hakikuwa kikohozi.

"Mwulize anacheka nini!"

"Mama, hacheki."

"Mwambie akacheke kwao!"

Hakuondoka. Akamwambia mkewe kwamba kabati la namna ile hutobolewa ukuta mpaka ng'ambo, zikapitishwa bolti ndefu kutoka nje, zikawekewa vipande vya bati zisizame kwenye udongo, na nati zikakazwa ndani. Bolti anazo kwenye mkoba. Alikuja nazo! Maana yake habari za kabati zilimfikia, na alijua kutoka mjini kwamba tutashindwa. Hilo liliniuma kuliko malengelenge.

Ningemfukuza. Lakini mikono ni hesabu: mmoja abebe kabati, mmoja akaze nati, na mmoja lazima awe nje. Wa nje alikuwa yeye tu. Tukagongomea mlango upya, naye akatoboa ukuta kwa keekee. Bolti ya kwanza ikachungulia ndani kama panya.

"Mwambie asisukume kama anasukuma lori!"

"Mwambie mama azungushe kulia."

"Mwambie nazungusha kulia tangu hajazaliwa."

Nilikuwa nazungusha kushoto. Nikageuza kimya kimya.

Tulifanya hivyo mpaka bolti ya mwisho, ukuta katikati yetu. Kabati likashika. Nikaning'inia kwa mikono miwili, mzee mzima, halikutikisika. Sikutoa asante, na hakuna aliyeidai.

Kisha akasema kutoka kule nje, taratibu, na safari hii hakusema mwambie mama.

"Mke wangu. Twende nyumbani. Nitakutengenezea kabati zuri kuliko hilo."

Binti akasogea dirishani.

"Sikuondoka kwa ajili ya kabati," akasema. "Uliniita mchafu mbele ya wageni. Waite wale wale, uwaambie mke wako si mchafu. Chai nitapika mimi."

"Wale ni wateja wangu. Nitaanzaje?"

"Kama ulivyoanza siku ile. Ulianza kwa kucheka."

"Mambo mengine tunayamaliza mimi na wewe," akasema.

"Lile hukulisema tukiwa mimi na wewe."

Nilidhani atagomba. Hakugomba. Nilisikia anakusanya vyuma vyake kwenye mkoba, kimoja kimoja, kama mtu anayengoja kuitwa. Hakuna aliyemwita. "Kwaheri mama," akasema. Nikaitikia, maana adabu ni adabu, na pikipiki ikaondoka kuelekea mjini.

Binti akaenda chumbani, akarudi na sanduku. Kamba ilikuwa imekaza, akaikata kwa kisu. Sahani akazipanga juu, sufuria chini, sukari akaifunga kwenye kopo na kuiweka rafu ya kati, mahali pa kuonekana. Nikamuuliza kama hilo ndilo jibu.

"Ni jibu la leo, mama," akasema. "Akija na wale watu, nitavipakia tena."

Mpaka ninapoandika hajaja nao. Jumapili anakuja peke yake, anaamkia, naitikia, anakaa kwenye kigoda. Na mimi, Mungu anisamehe au asinisamehe, kila nikisikia pikipiki nachungulia kwanza kama imepakia mtu mwingine, na nikikuta hakuna, naenda kubandika maji ya ugali wa watu wawili.